Kitara Si Upanga

Sisi wapenzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuambiwa. Neno likikosewa kitabuni tunaitisha kongamano. Picha ikikosewa kwenye gemu tunasema ni mchezo wa watoto. Hivi karibuni mwandishi mmoja, mtu wa heshima zake na simtaji jina, aliniuliza mbele ya watu kwa nini mtu mzima anayesoma tenzi anapoteza wikiendi nzima akichonga visu vya kompyuta. Watu wakacheka. Sikumjibu pale pale kwa sababu jibu lake ni refu, na lina miiba kidogo.

Nianze na gemu yenyewe, kwa wale wasioijua. Medieval II: Total War ilitoka mwaka 2006, kazi ya kampuni ya Creative Assembly. Ni gemu ya mikakati. Unashika ufalme mwaka 1080 na unatakiwa uufikishe 1530. Unatoza kodi, unaoza mabinti, unatuma mapadri au maimamu, na jeshi lako likikutana na la mwenzio ramani inageuka uwanja wa vita, maelfu ya askari wanaanza kukatana mbele ya macho yako. Inakaribia miaka 20 sasa, na bado kuna watu wanaoifumua na kuishona upya, kwa sababu mafaili yake mengi ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyafungua na kuyahariri. Kufumua huko ndiko tunakoita kumodi. Kuna waliojenga modi kubwa kama Third Age, iliyoihamisha gemu nzima hadi kwenye dunia ya Tolkien. Kuna waliojenga Broken Crescent, iliyohamishia macho ya gemu Mashariki ya Kati. Mimi kazi yangu ni ndogo kuliko hizo. Natengeneza modeli za silaha: panga, mikuki, mashoka, ngao. Askari anakuja kwangu mikono mitupu, anaondoka na kitu mkononi.

Na ugomvi wangu wote uko kwenye hicho kitu cha mkononi.

Kiswahili kina neno upanga na kina neno kitara. Fungua kamusi yoyote ya maana uone. Upanga umenyooka, mpana, mara nyingi una makali pande mbili. Kitara kimepinda. Sime ni fupi, imenyooka, makali pande mbili. Jambia nalo limepinda lakini ni la kiunoni. Fumo ni mkuki wenye bapa pana. Watu wa pwani waliona silaha hizi zote zikishuka majahazini au zikibebwa na wenyewe, wakaona hazifanani, wakazipa majina yasiyofanana. Hiyo ndiyo kazi ya lugha. Sasa mchukue mchezaji wa leo, hata yule aliyekulia Lamu au Unguja, muulize Mwislamu wa zama za Salahuddin alipigana kwa nini. Atakuchorea hewani kitu kilichopinda kama ndizi, kipana huko mwishoni, chembamba mkononi. Ameona wapi? Kwenye gemu. Na gemu imeona wapi? Hapo ndipo panapowahusu nyinyi wenye vitabu.

Tazama ushahidi kwanza. Jumba la Topkapi kule Istanbul limehifadhi panga ambazo zinanasibishwa na Mtume na masahaba zake. Unaweza kubishana kuhusu unasibisho huo mpaka asubuhi, wataalamu wenyewe wanabishana, lakini bapa ni za kale na nyingi kati yake zimenyooka kama rula. Vipini vilivyopambwa vingi viliwekwa baadaye na Waosmani. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala nzima kuhusu panga na aina za chuma chake, na alikuwa akiandika katika ulimwengu ambao upanga wa kawaida ulikuwa ule ulionyooka. Nenda Andalusia, mwisho kabisa wa hadithi: upanga unaonasibishwa na Boabdil, mfalme wa mwisho wa Granada aliyekabidhi mji mwaka 1492, upo Toledo kwenye jumba la makumbusho la jeshi. Umenyooka. Una makali pande mbili. Panga za namna hiyo zina jina lake, jineta, na hakuna aliyeziona akazifananisha na ndizi.

Sisemi kitara hakikuwepo. Kilikuwepo. Kilitoka nyikani Asia ya Kati, kikaja na wapanda farasi wa Kituruki, kikaenea polepole, na kufikia karne za 15 na 16 kilikuwa kimeshika hatamu huko Misri na Uturuki. Lakini kwa muda mrefu viwili hivi viliishi pamoja. Hazina ya silaha ya Wamamluki kule Alexandria ilikuwa na panga zilizonyooka zilizotengenezwa Ulaya, zikaandikwa maneno ya Kiarabu kwenye bapa, na baadhi yake zipo hadi leo, nyingi Istanbul na nyingine zimefika mpaka Toronto. Hebu fikiria: upanga wa Kifaranki ndani ya ghala la sultani wa Kairo, una maandishi ya Kiarabu, na haumsumbui mtu yeyote. Watu wa zama zile walijua chuma kizuri ni chuma kizuri.

Sasa rudi kwenye gemu. Upande wa Ulaya panga zinabadilika kadiri karne zinavyosonga. Mkata wa mwaka 1100 si ule wa 1450. Kuna fupi, kuna wa mkono na nusu, kuna wa mikono miwili. Upande wa pili, kwa jumla, kitara ni kile kile, kutoka Marrakesh mpaka Baghdad, kutoka baba hadi kilembwe. Muda unapita kwa Wakristo tu. Kwa wengine umesimama.

Halafu kuna ile ya Age of Empires II, gemu nyingine ya mikakati, ya mwaka 1999, ambayo najua wengi wenu mliicheza sana kwenye saiba. Askari maalumu wa Masaracen humo ni Mamluki, na Mamluki yule amepanda ngamia, na kazi yake ni kurusha vitara. Anarusha. Kimoja baada ya kingine, kama muuza mandazi anayegawa. Havimwishii. Wamamluki wa kweli walikuwa wapanda farasi ambao mafunzo yao ya upinde na mkuki yalichukua miaka; historia inawakumbuka kwa kuwasimamisha Wamongoli pale Ain Jalut mwaka 1260. Gemu ikawapa ngamia na gunia la vitara.

Nani alianza? Siyo watengenezaji wa gemu. Wao walirithi. Mwaka 1825 Walter Scott alichapisha riwaya ya The Talisman, hadithi ya Vita vya Msalaba. Humo ndani mna tukio ambalo msomaji yeyote wa riwaya zile analijua: Mfalme Richard na Salahuddin wanaonyeshana silaha. Richard anachukua upanga wake mkubwa ulionyooka na kukata kwa pigo moja mpini wa chuma wa rungu. Salahuddin anachomoa kitara chake chembamba kilichopinda, anakata mto wa hariri, kisha anakata shela likiwa hewani. Tukio zuri sana, nakubali. Lakini Richard na Salahuddin hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Na Scott mwenyewe, katika utangulizi alioandika baadaye, alikiri kwamba nchi za Mashariki hakuzijua vizuri. Hakujua, akaandika, na kalamu yake ikapinda bapa la karne nzima.

Angalia lile tukio linavyofanya kazi. Upanga ulionyooka ni nguvu, ni unyoofu, ni ukweli wa mtu wa kaskazini. Kitara ni ulaini, ni ujanja, ni hariri inayokatwa hewani. Silaha zimegeuzwa tabia za watu. Mataifa mawili yamegawiwa maumbo mawili, na umbo lililopinda limepewa yule ambaye msomaji wa London alishazoea kumwona amepinda. Baada ya hapo wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, akina Jean-Léon Gérôme, walikwenda Kairo na Istanbul, wakaona vitara vya zama zao, wakavichora kwenye mikono ya watu wa zama zozote zile. Filamu zikachukua kwa wachoraji. Mwaka 1991, katika filamu ya Robin Hood: Prince of Thieves, Morgan Freeman aliigiza Mmoor aitwaye Azeem, akapewa kitara kipana cha kuchinjia ng'ombe, na huyo alitakiwa awe mtu wa karne ya 12. Gemu zikachukua kwenye filamu. Mnaona mnyororo? Kiungo chake cha kwanza ni riwaya. Kosa limezaliwa nyumbani kwenu, wapenzi wa vitabu, likakulia kwa jirani, na sasa mnamcheka jirani kwa kulilea.

Ndiyo maana nikisikia mtu wa fasihi anasema kuchonga modeli si kazi ya akili, damu inanichemka. Modeli ni maelezo. Mwandishi akisema shujaa alichomoa kitu fulani ala, anachagua neno. Mchonga modeli hana neno la kujifichia. Hawezi kuandika silaha tu akaenda zake. Lazima aamue bapa lina urefu gani, linapungua unene wapi, mfereji wa katikati unaishia wapi, kinga ya mkono imenyooka au imeinama. (Mfereji ule, kwa taarifa yenu, haukuwekwa ili damu ipite. Uliwekwa ili upanga uwe mwepesi bila kuwa legelege. Hadithi ya damu nayo imetoka kwa wanaoandika kuhusu panga bila kushika moja.)

Na kuna jambo ndani ya mafaili ya Medieval II ambalo nadhani lingewashtua hata wale waliocheka. Takwimu za askari zimeandikwa kwenye faili liitwalo export_descr_unit.txt. Kila askari ana mstari unaoeleza silaha yake: nguvu ya shambulio, nguvu ya kuvamia, aina ya silaha, sauti yake inapogonga. Ukisoma mistari hiyo, kitara na upanga ni kitu kimoja. Vyote ni bapa la kukatia, vyote vina sauti ya upanga. Namba hazijui kupinda. Kwa hiyo tofauti yote, historia yote, ipo mahali pamoja tu, kwenye modeli. Ukikosea pale hakuna sehemu nyingine ya gemu itakayokusahihisha.

Wala modeli si pambo lisilo na uzito. Waliocheza toleo la kwanza kabla ya masahihisho watakumbuka jinsi askari wenye silaha za mikono miwili walivyokuwa wakichinjwa na watu ambao kwa namba walipaswa kuwashinda. Namba zilikuwa sawa. Ubovu ulikuwa kwenye uhuishaji, yaani jinsi mwili ulivyoinua silaha na kuishusha. Mtu aliinua shoka kwa madaha, na kabla halijashuka ameshakufa. Mwendo wa mkono uliamua vita. Mkono ule unategemea anayechora ameamini nini kuhusu kile kilichomo ndani yake, na wengi wameamini kwamba upanga wa zama zile ulikuwa kama nguzo ya umeme. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja ulikuwa na kilo moja hadi moja na nusu. Jembe lako la shambani pamoja na mpini wake linaweza kuuzidi, na bibi yako alilima nalo mpaka jua kali.

Nisikilizeni sasa kuhusu ufundi, maana nimechoka kusikia kwamba ni kubofyabofya tu. Kuna faili linaitwa battle_models.modeldb. Hilo ndilo daftari la modeli zote za askari. Askari mmoja ana ngozi mbili za picha, moja ya mwili na nyingine ya vitu anavyobeba, na daftari linataja kila moja ilipo, kwa kila ufalme unaomtumia. Kila jina la faili lililoandikwa humo limetanguliwa na namba, na namba hiyo ni idadi ya herufi za jina lenyewe. Ukirefusha jina kwa herufi mbili na ukasahau kubadilisha namba, gemu haisemi samahani kuna tatizo mstari fulani. Inakrashi. Inakutupa nje kimya kimya, ukatafute mwenyewe kosa ndani ya maelfu ya mistari. Wanaoandika utenzi wanajua mizani nane inavyokaa mdomoni na inavyochechemea ikiwa tisa. Mizani ikizidi, msikilizaji anakunja uso tu na utenzi unaendelea. Kwetu utenzi wote unakufa.

Mtu ataniambia: haionekani. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Kamera ya gemu iko juu, askari ni maelfu, na kila modeli ina nakala kadhaa, ya karibu yenye poligoni nyingi na ya mbali ambayo mtu amebaki kama kijiti. Bapa la kweli lina unene wa milimita chache. Ukilichora kwa kipimo hicho linapotea kabisa mchezaji anaposogea mbali. Ndiyo maana wachoraji wa gemu hunenepesha silaha, na hapo wana haki, hata mimi nanenepesha. Na wanasema kitara kilichopinda kinamsaidia mchezaji ajue upesi nani ni nani kwenye vumbi. Hapo ndipo tunapoachana. Gemu ina rangi za kila ufalme, ina bendera, ina vilemba na kofia za chuma, ina ngao za duara na ngao za pembe. Njia za kumtambua adui zimejaa tele. Kama baada ya hayo yote bado unahitaji kupinda upanga wa mtu ndipo umjue kuwa ni adui, basi humtafuti adui, unamtafuta mgeni.

Nisiwaonee watu wa fasihi peke yao. Wamodi wenzangu nao nina kesi nao. Kuna kundi linaloamini kubwa ndilo zuri. Wakipewa nafasi ya kutengeneza upanga wanatengeneza mlango. Bapa linakuwa pana kama ubao wa kufulia, na kwenye kinga ya mkono lazima kuwe na fuvu. Hawa wangeachwa wakae kwenye modi za mazimwi, huko hakuna atakayewasumbua. Kuna wezi, wanaochomoa modeli kutoka kwenye gemu nyingine, wanabadilisha rangi ya mpini, wanaweka jina lao. Nyinyi mkikuta beti tatu za mtu ndani ya diwani ya mwingine mnaitana. Sisi tukilalamika tunaambiwa tuna roho mbaya.

Lakini wanaonikera zaidi ni wale wa usahihi. Ndiyo, wa usahihi. Mtu atakaa miezi miwili akihesabu misumari ya deraya la Milano, atakuletea picha ya kaburi la bwana fulani wa Kijerumani kuthibitisha pembe ya kinga ya goti. Halafu ukimuuliza kuhusu mpiga mishale wa Kinubi, anakujibu aah huyo niliacha wa awali. Wa awali ana upinde kama fimbo ya mchungaji. Huyo ni Mnubi ambaye Waarabu walipomvamia Dongola katika karne ya 7 aliwarudisha nyuma kwa mishale, wakampa sifa ambayo waandishi wao wenyewe waliihifadhi: walenga mboni za macho. Walipata mkataba wa amani, ule unaoitwa baqt, badala ya kupata nchi. Ufalme wake ulikuwa na maaskofu na kanisa kuu kule Faras lililochorwa kuta zima, na michoro hiyo leo imegawanywa kati ya Warsaw na Khartoum. Mtu wa namna hiyo anastahili mtu ahangaikie upinde wake walau nusu ya muda aliotumia kwenye goti la Mjerumani. Usahihi unaochagua nani asahihishwe ni upendeleo uliovaa miwani.

Na hapa pwani kwetu, ugonjwa umeingia mpaka sebuleni. Tuna Utendi wa Tambuka, Chuo cha Herekali, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unaosimulia vita vya Waislamu wa kwanza na Kaisari wa Rumi. Herekali yule, au tuseme warithi wa kiti chake, wamo ndani ya Medieval II kama ufalme wa Bizanti. Unaweza kuuchagua ukautawala. Nimewahi kuwauliza vijana wanaosoma tenzi hizi shuleni wanawaonaje mashujaa wale kichwani. Wanawaona na vitara. Mapambano ya karne ya 7, panga zote zimenyooka, na mtoto anayesoma kwa Kiswahili, lugha yenye maneno mawili kwa ajili ya tofauti hiyo hiyo, anaona picha ya Scott.

Kinachouma ni kwamba Mwarabu tuliyemjua sisi hapa kwa karne mbili, yule wa Oman, ana upanga maarufu ulionyooka. Bapa refu jembamba lenye kunesa, mpini mrefu wa mviringo, hauna kinga ya mkono kabisa. Katika ngoma ya razha wanautikisa mpaka unalia, wanaurusha juu na kuudaka. Wakubwa walivaa pia panga zilizopinda, zilizotiwa fedha, na ndiyo maana lugha ilihitaji majina zaidi ya moja. Babu zetu hawakuhitaji makumbusho kujua hili. Walisimama barazani wakaona. Sisi tuna intaneti, tuna picha za kila makumbusho duniani, na tunamwona Mwarabu kwa macho ya mtu wa Edinburgh aliyekufa mwaka 1832.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi ni dogo. Ukiandika hadithi ya zamani, usiandike upanga pale ulipoona kitara, wala kitara pale ulipotaka tu msomaji ajue kwamba huyu ni Mwarabu. Ukipewa kazi ya kuchagua picha ya jalada la utenzi, mkatalie mchoraji anayekuletea ndizi. Ukitafsiri riwaya ya Vita vya Msalaba, usiruhusu kila bapa la adui lipinde kwa sababu tu lugha unayotafsiri kutoka kwake ilizoea kulipinda. Mambo haya yanafanyika kwa kalamu, hayahitaji kompyuta. Na mkiona mtu kwenye kompyuta anayafanya kwa poligoni, muulizeni maswali mnayomuuliza mhariri: chanzo chako ni kipi, kwa nini hivi na si vile. Atafurahi. Hakuna anayetuuliza.

Kwa sasa nimeshanyoosha panga za wapanda farasi wa Misri wa karne za mwanzo. Kitara nimewaachia Wamamluki wa mwishoni, wanakokistahili. Askari wa Granada nimewapa jineta, na nimeipunguza unene mara tatu mpaka ikakubali kuonekana kwa mbali bila kuwa mwiko wa ugali. Wikiendi hii ni zamu ya Tabardariyya, wale walinzi wa sultani wenye mashoka. Bapa la nusu mwezi limekaa vizuri, mpini bado umezidi urefu na unaingia kwenye bega la askari anapokimbia. Jina la faili jipya la ngozi lina herufi 47. Nimehesabu mara mbili.